Likizo ya Torkel katika Wiki ya Elgi

Torkel Wiklund alipigwa picha na mtoto kifuani siku ya kwanza ya likizo yake ya uzazi, saa mbili asubuhi, mbele ya maktaba. Saa mbili na nusu alimrudisha mtoto kwa mama yake, kwa sababu alikuwa na simu za kupokea kuhusu hiyo picha. Jioni ikawekwa kwenye ukurasa wa manispaa, ambako Torkel mwenyewe ndiye mwandishi wa habari, na chini yake maneno aliyoyatunga mwenyewe: baba wa kweli hasaidii, baba wa kweli anashika zamu. Watu zaidi ya mia mbili waliweka alama ya moyo. Nilikuwa nakula. Nilisukuma sahani.

Mimi ni jirani yao. Kati ya nyumba yangu na yao kuna shamba dogo la viazi, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili Granmyra, kwenye bonde la mto kaskazini mwa Uswidi. Kabla ya hapo nimeishi katika nchi ambako baba hajui mwanawe ana meno mangapi, wala hajisingizii kujua. Huko nilikuwa nakasirika. Huku ndiko nilikopata kinyaa, na kinyaa ni kitu kingine. Hasira ukiisema inatoka. Kinyaa unalala nacho na unaamka nacho kinywani.

Lakini habari hii si ya Torkel, ni ya mkewe, Hillevi Sjödin. Ana miaka thelathini na mitatu, mpana wa mabega, si msemaji. Kazi yake ni kuendesha mashine ya kunyanyulia magogo kwenye kiwanda cha mbao. Baba yake, marehemu Assar, alikaa kituo namba tisa cha mawindo kwa misimu thelathini na minane, na tangu Hillevi ana miaka minane alikuwa akienda naye. Alimfundisha kukaa saa nne bila kujikuna pua. Assar alipofariki, miaka minne iliyopita, namba tisa ikawa ya binti yake pamoja na bunduki.

Elgi ni mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi. Jumatatu ya kwanza ya Septemba bonde zima huacha shughuli na kuingia msituni kumwinda. Mbwa humtafuta, wawindaji humngoja, kila mmoja kwenye kituo chake: kisiki, jiwe, au kijibanda cha mbao pembeni mwa kinamasi. Vituo hurithiwa. Na kikosi cha Granmyra kina sheria moja ambayo haijawahi kupindishwa kwa ajili ya mtu: asiyekaa kituoni misimu miwili mfululizo, kituo chake kinapewa mwingine, na jina linalohesabiwa ni lile lililoandikwa kwenye orodha, si la ukoo. Mwaka uliotangulia Hillevi alikuwa na mimba ya miezi saba na miguu imevimba kama magogo ya kiwandani kwake. Hakwenda. Kwa hiyo msimu huu ilikuwa aende, au namba tisa iondoke mikononi mwake moja kwa moja.

Mtoto, Runa, alizaliwa Novemba, katika hospitali iliyo mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, theluji inaanguka. Tangu usiku ule Hillevi hakulala saa tatu mfululizo. Serikali huwapa wazazi siku zao za likizo wagawane, na hawa waligawana kwa rula. Kwenye mlango wa friji palikuwa na chati: kijani Hillevi, bluu Torkel. Kijani ilikwisha Agosti, bluu ilianza tarehe moja Septemba na kwenda miezi sita. Wageni walikuwa wanaisifu ile chati kabla hawajamsifu mtoto.

Na jioni za msimu mzima wa baridi, wakati yule wa kijani alipokuwa anapiga hatua ukumbini na mtoto anayelia tumbo, yule wa bluu alikuwa darasani akisomea mtihani wa uwindaji. "Ili niielewe dunia yako, mpenzi," alimwambia. Hillevi alifurahi. Hilo aliniambia yeye mwenyewe, kwamba alifurahi.

Mwezi wa saba alikuja uani kwangu mchana, nywele hazijachanwa, mtoto kwapani.

"Jirani, nishikie huyu dakika tano. Kabla sijafanya kitu."

Nilimpokea. Akaingia kwenye banda langu la kuni, akafunga mlango. Dakika tano zilipita, zikapita ishirini. Alipotoka alikuwa na maganda ya mti shavuni.

"Umelala?"

"Nimekaa. Mikono masikioni." Akamchukua mtoto. "Unajua ninachongoja mimi? Watu wanangoja atembee, aseme mama. Mimi nangoja Jumatatu ile tu. Nikae pale, kimya, na kusiwe na kiumbe anayetaka kitu mwilini mwangu."

"Na Torkel je?"

"Torkel anasema tuko sawa kwa sawa. Usiku anaziba masikio na vile vizibo vya sponji, kwa kuwa eti asubuhi ana kazi. Nikimtikisa anafungua jicho moja, anasema, 'Asante kwa kunieleza unavyojisikia.'" Alicheka, kicheko kibaya. "Nilimpiga na nepi. Safi, lakini."

Katikati ya Agosti kikosi kilifanya kikao chake cha kila mwaka kwenye kibanda cha wawindaji. Mimi si mwindaji. Mimi napika kahawa na kukokota nyama, na kwa hilo wananipa kiti. Runa alikuwa na homa, kwa hiyo Torkel alikuja kumwakilisha mkewe. Kiongozi wa kikosi ni Göte, mzee wa miaka sabini na moja anayeiamini karatasi kuliko macho yake. Alikuwa anasoma namba, wenye vituo wanaitika.

"Namba tisa. Binti ya Assar yuko wapi?"

Torkel akasimama, kofia mkononi, sauti ya upole. "Hillevi amechoka sana, wazee wangu. Sisi nyumbani tunagawana mizigo. Mimi nina likizo kuanzia tarehe moja, kwa hiyo nitakaa mimi namba tisa, kwa niaba ya familia. Kituo kisije kikapotea."

"Likizo ya mtoto, wiki ya elgi!" Bengt-Ove alipiga meza. Huyo ndiye mchekeshaji wa kikosi, na ugoro wake haumtoki mdomoni hata akila. "Karibu kwenye ukoo, kijana! Mimi watoto wangu watatu wote niliwalea kwa likizo ya serikali. Niliwalea namba nne, wao wakiwa nyumbani na mama yao. Na angalia walivyokua!"

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Si yeye peke yake. Nusu ya meza ile ilikuwa imefanya vilevile, na walitajiana miaka na idadi ya elgi waliowaangusha wakati ofisi ya bima ya jamii ikiwalipa kubadilisha nepi.

"Yeye amekubali?" Göte aliuliza, kalamu juu ya karatasi.

"Tumekubaliana," alisema Torkel.

Kalamu ikaandika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika. Nilijua hawakukubaliana chochote. Nilikuwa nimemwona mwenye kituo akitoka kwenye banda langu la kuni. Nikauliza nani anataka kahawa zaidi.

Jumamosi, siku mbili kabla ya mawindo, orodha ilibandikwa kwenye mlango wa kibanda. Hillevi alisukuma kigari cha mtoto kilomita tatu kwenda kuangalia saa ya kukutana, maana alikuwa amejiwekea wiki nzima ya likizo yake ya mwaka kwa ajili ya msitu. Aliporudi hakwenda kwake. Alikuja kwangu, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Kwenye kikao ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Niliuliza nani anataka kahawa."

Aliniangalia jinsi mtu anavyoangalia soli ya kiatu baada ya kupita zizini. "Vaa viatu," alisema. "Twende ukayarudie mbele yake aliyoyasema."

Torkel alikuwa jikoni, kavaa koti jipya la kuwindia, lebo bado inaning'inia kwenye mkono. Nilirudia maneno yake neno kwa neno. Hakukana. Alivuta kiti, akakaa, akaunganisha vidole.

"Nasikia hasira yako, Hillevi."

"Sijafika kwenye hasira bado. Namba tisa ni ya nani?"

"Ni yetu. Hapo ndipo tunapotofautiana. Wewe unasema yangu, mimi nasema yetu. Nilitaka upumzike."

"Nipumzike na nani? Jumatatu Runa anakaa na nani?"

Torkel alinitazama mimi, kisha friji, kisha mkewe, na alionekana kushangaa kweli kwamba swali hilo linahitaji jibu.

"Lakini wiki hiyo wewe uko likizo," alisema. "Uko nyumbani."

Mtoto alikuwa anagonga kijiko sakafuni. Nimeona mambo machafu maishani mwangu, nimeona maiti barabarani na watu wanazikwepa kwa gari. Sijui kwa nini sentensi ile ndiyo iliyonitia kinyaa kuliko hayo yote. Labda kwa sababu aliisema kwa upole.

"Torkel," alisema Hillevi polepole, "hiyo likizo nimeichukua ili niende msituni."

"Hukuniambia hivyo waziwazi."

"Tangu mwezi wa tatu nakwambia!"

"Ulisema unatamani. Kutamani na kupanga ni vitu viwili. Tungeweza kuzungumza kama ungetumia lugha nyingine." Akasimama, akamgusa bega. "Umechoka, mpenzi. Bunduki na mtu aliyechoka, nani angekuruhusu?"

Hillevi aliushusha ule mkono begani kwake kwa vidole viwili.

Jumatatu kikosi kilikutana saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini, mbwa wanavuta minyororo, na harufu ya shimo walimotupa matumbo ya elgi mwaka jana ilikuwa bado inapanda kutoka nyuma ya kibanda. Torkel alikuwa amefika kabla ya wote. Göte alikuwa anakagua leseni, mmoja mmoja, miwani puani. Bunduki ya Torkel ilikuwa ile ya Assar. Nchi hii huazimi bunduki ya mtu bila hati iliyotiwa sahihi, hata awe mkeo, na Torkel alikuwa na hati. Göte aliisoma, akaikunja, akamrudishia.

Ndipo gari la Hillevi likaingia. Alishuka amevaa koti la baba yake, mikono imekunjwa mara mbili, na Runa kwenye mbeleko. Alienda moja kwa moja kwa Göte.

"Namba tisa ni yangu. Na bunduki ile ni yangu."

"Ana hati, Hillevi. Sahihi yako hii hapa."

Aliichukua, akaisoma. Niliona shingo yake ikipanda wekundu.

"Hii uliniletea mwezi uliopita," alimwambia Torkel. "Nilikuwa nanyonyesha. Ulisema ni karatasi za likizo."

"Zilikuwa pamoja na za likizo."

Bengt-Ove aliacha kutafuna. "Ah, Torkel. Hapo sasa umezidi, bwana."

"Sahihi ni sahihi," alisema Göte, lakini bila raha.

"Sawa. Ni yangu, siikatai. Inasema nimemwazima. Sasa nakidai changu. Mzee Göte, mwenye mali akikidai chake, karatasi yako inasemaje?"

Göte alifikiri. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa imemgeukia. "Inarudishwa."

"Si mbele za watu, Hillevi," Torkel alinong'ona.

"Picha ulipiga mbele za watu."

Akafungua mbeleko, akamtoa Runa, akamweka mikononi mwa baba yake. Torkel hakuwa na namna; mtoto alikuwa ameshaanza kuteleza, akamkumbatia. Hillevi akauvua mkanda wa bunduki begani kwa mumewe, akaichukua bunduki, akafungua chemba ya risasi kuhakikisha ni tupu, akaivaa.

"Orodha ilipitishwa na kikao," alisema Göte. "Siwezi kufuta jina hivihivi."

"Basi fanya kikao. Wote mko hapa. Nani anataka Torkel akae namba tisa, na mtoto kifuani? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Lakini wala hawakuusogeza mguu. Nilielewa wanangoja nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nakingoja. Runa alikuwa ameanza kulia. Si kunung'unika, ni kile kilio cha kukata pumzi, uso unakuwa zambarau. Mbwa wakamwitikia. Torkel alikuwa anamrusharusha na kusema "sh, sh, sh," macho yake kwa mkewe. Wanaume kumi na wanne walikuwa wanamwangalia Hillevi, wengine kwa huruma hata, wakisubiri mwili wake umshinde. Na mwili ulikuwa tayari unamshinda: alama mbili nyeusi za maziwa zilikuwa zinatanuka kwenye koti la Assar, kila moja upana wa kiganja. Kila mtu aliziona. Nilitamani kelele ile ikome kuliko nilivyotamani haki itendeke. Nilipiga hatua, nikanyoosha mikono.

"Jirani," alisema Hillevi bila kugeuka. "Usimguse. Ana baba aliye likizo."

Nikarudisha mikono mifukoni.

Akaondoka. Kutoka kibandani hadi namba tisa ni kilomita mbili, na alizitembea bila kukimbia, tukamwona mpaka ukungu ulipomficha kiuno, kisha mabega. Göte alikohoa, akatoa kalamu, akafuta jina moja na kuandika jingine juu yake kwa herufi kubwa. "Haya, vituoni!" akafoka, kana kwamba sisi ndio tuliomchelewesha.

Torkel alibaki uwanjani na mtoto anayepiga mateke. "Mtu anaweza kunipeleka nyumbani?" aliuliza. "Amechukua ufunguo wa gari lenye kiti cha mtoto." Hapo Bengt-Ove akacheka, na ndiye aliyemwonyesha njia. "Kilomita tatu tu, baba wa kweli. Shika zamu."

Mchana niliwazungushia watu kahawa. Nilimkuta Hillevi kwenye kijibanda chake, bunduki magotini, koti limefunguliwa, anakamua maziwa kwa mkono, anayamwaga kwenye majani chini. Hakujifunika, na mimi nikaangalia kinamasi.

"Yanauma yasipotoka," alisema.

"Umeona kitu?"

"Ndege." Alifunga vifungo. "Nilimsikia mpaka kwenye daraja. Analia, mimi natembea. Baada ya daraja sikumsikia tena. Nikasikia raha, jirani. Raha kabisa. Mwili mzima ulipoa." Akanyoosha kidole kwenye nyasi karibu na buti lake, na nikaona alikotapika. "Hapo ndipo nilipokaa nikajiona mchafu kuliko wao wote."

Nikammiminia kahawa. Aliinywa yote ingali moto.

"Ila sikurudi," alisema.

Namba tisa hapakupita elgi siku ile. Alikaa mpaka Göte alipotangaza kwenye redio za mkononi kwamba watu watoe risasi kwenye bunduki, na hapo nikapanda naye gari lake kurudi.

Kwenye ngazi za nyumba yao palikuwa na makopo matatu ya maandazi ya mdalasini, sufuria ya supu iliyofunikwa kwa taulo, na mtungi wa juisi ya matunda ya msituni. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesikia kwamba Torkel yuko peke yake na mtoto. Mmoja alikuwa ameacha kikaratasi: *Pole sana, jipe moyo.* Miezi kumi Hillevi alikuwa amekaa ndani ya nyumba ile, na katika hiyo miezi kumi sikumbuki kuona hata kipande cha mkate kwenye ngazi hizo. Alikisoma kikaratasi, akakirudisha palepale. Akachukua andazi moja, akalila amesimama, kwa kung'ata mara nne tano, kama mtu anayetimiza kazi.

Torkel alikuwa kwenye kochi, Runa tumboni kwake amelegea kwa uchovu, macho wazi. Nyumba ilikuwa inanuka.

"Imekuwa siku ngumu," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha, na hakuwa anaigiza. "Hajalala hata nusu saa. Sikuweza hata kwenda chooni. Sijui watu wanawezaje."

Alingoja. Mimi pia niliona pengo pale, mahali ambapo mtu alipaswa kusema pole.

"Kesho naondoka saa kumi na moja," alisema Hillevi.

"Kesho tena?"

"Mawindo ni wiki nzima."

Aliinama akamchukua mwanawe, akamnusa, akambusu utosini. Kisha akamgeuza, akaona sehemu ya nyuma ya nguo, na akamrudisha kwa baba yake akiwa amemshika chini ya kwapa, mbali na koti.

"Tangu saa ngapi?"

"Nilidhani ni harufu ya... Nilidhani imetoka nje."

"Mbadilishe kwanza. Halafu nitamnyonyesha."

Torkel alimlaza juu ya meza, akafungua nepi, akageuza uso. Alitafuta macho ya mkewe, akatafuta yangu, nikayashusha. Kisha akavuta pumzi kwa mdomo, akaanza kupangusa, mkunjo baada ya mkunjo, macho yanamtoka machozi. Hillevi alisimama mlangoni na buti zake za matope, akamwangalia mpaka alipomaliza.